Jinsi Pointi za Kidato cha Nne Zinavyohesabiwa

Leo tutafanya hesabu. Usiogope. Ni hesabu ya kujumlisha na kugawanya tu, na mtu aliyewahi kupeleka ufuta sokoni na kudai haki yake mbele ya mizani anaiweza. Chukua kalamu na karatasi. Kama mkono wako haujazoea kalamu, tafuta punje za mahindi 35, uziweke mbele yako. Zitakufaa kabisa katika somo hili, na nitakuambia kwa nini.

Somo hili ni la wazazi na walezi wenye vijana katika shule za sekondari. Mifano nitaitoa Zombo, katika wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi. Lakini hesabu yenyewe ni moja kwa mtoto wa Zombo, wa Mwanza na wa Mtwara, maana mtihani wa Kidato cha Nne ni wa taifa zima, na husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Kila mwaka matokeo hutangazwa, na siku hizi husomwa hata katika simu. Kijana anaulizwa, "Umepata ngapi?" Naye anajibu, "Ishirini na sita." Basi mzazi mmoja husikia 26 akafurahi, akidhani ni nyingi. Mwingine husikia "Divisheni ya Nne", akasema shule imekwisha, na wiki ile ile anaanza kupokea wachumba wa binti yake. Wote wawili wameamua jambo kubwa juu ya hesabu wasiyoifahamu. Nataka leo uifahamu, ili uamuzi wako uwe uamuzi wa mtu aliyeona.

Maneno manne ya kujua kwanza

Yako maneno manne ambayo watu huyachanganya. Tuyatenge moja moja.

Neno la kwanza ni alama, au maksi. Hizi ni namba anazopata mwanafunzi katika somo moja, kuanzia 0 mpaka 100.

Neno la pili ni gredi. Hii ni herufi inayotolewa kufuatana na alama. Kwa mtihani wa Kidato cha Nne, gredi ni hizi:

A: alama 75 mpaka 100
B: alama 65 mpaka 74
C: alama 45 mpaka 64
D: alama 30 mpaka 44
F: alama 0 mpaka 29

Neno la tatu ni pointi. Kila herufi ina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5.

Neno la nne ni divisheni. Hili ni fungu ambalo mwanafunzi huwekwa baada ya pointi zake kujumlishwa.

Angalia sana hapo kwenye pointi. Alama zikiwa nyingi ni heri, lakini pointi zikiwa nyingi ni hasara. Fikiria mbio za watoto siku ya sikukuu. Anayefika wa 1 amemshinda anayefika wa 5, ingawa 5 ni kubwa kuliko 1. Pointi ni kama nafasi katika mbio zile. Mwenye pointi chache ndiye aliyetangulia.

Hesabu yenyewe

Mwanafunzi anaweza kufanya masomo manane, tisa au zaidi, lakini katika kupanga divisheni huhesabiwa masomo saba tu, yale aliyofanya vizuri zaidi. Ni kama mkulima anayechagua mbegu. Hutazama mahindi yote aliyovuna, akatenga yaliyo bora, na yaliyobaki hayaingizi katika hesabu ya mbegu.

Basi mwanafunzi aliyepata A katika masomo yote saba atakuwa na 1 mara 7, yaani pointi 7. Hakuna anayeweza kupata chini ya hapo. Na aliyepata F katika yote saba atakuwa na 5 mara 7, yaani pointi 35. Hakuna anayeweza kupita hapo. Ndiyo sababu nilikuambia utafute punje 35. Hizo ndizo nyingi kuliko zote.

Kati ya 7 na 35 wamegawanywa hivi:

Divisheni ya Kwanza: pointi 7 mpaka 17
Divisheni ya Pili: pointi 18 mpaka 21
Divisheni ya Tatu: pointi 22 mpaka 25
Divisheni ya Nne: pointi 26 mpaka 33
Divisheni Sifuri: pointi 34 na 35

Tazama upana wa mafungu hayo. Divisheni ya Pili ina nafasi nne tu, na ya Tatu ina nafasi nne tu. Bali Divisheni ya Nne ina nafasi nane. Mwenye 26 na mwenye 33 wote huitwa "Nne", lakini hawalingani hata kidogo. Mwenye 33 huenda amefaulu masomo mawili kwa D na kuanguka matano: 4 na 4 ni 8, na F tano ni 25, jumla 33. Au amepata C moja na F sita: 3 na 30, jumla 33. Mwenye 26 huenda amefaulu masomo yote saba. Kwa hiyo ukiambiwa "Nne", usikubali jibu hilo liishie hapo. Uliza, "Nne ya pointi ngapi, na kwa masomo gani?"

Watoto watatu

Sasa tuwatazame watoto watatu wa kubuni. Tuseme wote wanatoka Zombo, na wote wamefanya masomo manane.

Wa kwanza ni msichana. Amepata Kiswahili B, Historia C, Jiografia C, Kiingereza C, Biolojia D, Kemia D, Hisabati F na Fizikia F. Hesabu nami, au panga punje zako. Kiswahili 2. Historia 3, tuna 5. Jiografia 3, tuna 8. Kiingereza 3, tuna 11. Biolojia 4, tuna 15. Kemia 4, tuna 19. Hisabati 5, tuna 24. Hapo masomo saba yametimia, na F ya Fizikia tunaiacha. Pointi zake ni 24, Divisheni ya Tatu.

Wa pili ni mvulana. Amepata Kiswahili A, Historia B, kisha Jiografia, Kiingereza, Biolojia, Kemia na Fizikia zote D, na Hisabati F. Kiswahili 1, Historia 2, tuna 3. Zile D tano ni 4 mara 5, yaani 20. Jumla 23. Naye ni Divisheni ya Tatu, na pointi zake ni nzuri kuliko za msichana kwa moja.

Nani kati yao ana nafasi ya kuchaguliwa kwenda Kidato cha Tano katika shule ya serikali? Wengi watamtaja mvulana, kwa sababu ya 23 yake. Lakini mwenye nafasi ni msichana.

Sababu yake ni hii. Serikali inapochagua wanafunzi wa Kidato cha Tano haitazami jumla peke yake. Mwanafunzi anatakiwa awe amepata A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, na masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo. Tena jumla ya masomo saba isizidi pointi 25. Tena masomo matatu ya tahasusi, yaani yale matatu atakayokwenda kuyasoma, jumla yake isizidi pointi 10 na yasiwe na F ndani yake. Yule msichana ana masomo manne ya B na C. Akichagua Historia, Kiswahili na Kiingereza, ana 3, 2 na 3, jumla 8. Amepita. Mvulana ana A moja na B moja, na yaliyobaki ni D. Masomo yake ya C na kupanda juu ni mawili tu. Amepungukiwa na moja.

Sikusema kwamba msichana lazima atachaguliwa. Nafasi hugombewa, na wenye pointi nzuri zaidi hutangulia. Nimesema kwamba yeye anaruhusiwa kuingia katika mashindano hayo, na mvulana haruhusiwi. Ungesikia divisheni na jumla tu, usingeweza kulijua jambo hilo. Ni lazima usome herufi za masomo, moja baada ya moja.

Wa tatu ni msichana pia. Amepata Kiswahili C, Historia C, Jiografia C, Kiingereza D, Biolojia D, Kemia D, Hisabati F na Fizikia F. C tatu ni 9, D tatu ni 12, F moja ni 5. Jumla 26, Divisheni ya Nne. Ana zile C tatu zinazotakiwa, lakini jumla yake imepita 25 kwa pointi moja.

Pointi moja hiyo ina ukubwa gani? Tuseme katika Kiingereza alipata alama 43. Angepata 45, D ingekuwa C, 26 ingekuwa 25, na Nne ingekuwa Tatu. Alama mbili katika somo moja zimembadilishia fungu. Sasa swali ni hili: alama mbili hizo zilipotelea wapi?

Alama zisizopatikana siku ya mtihani

Watu wengi hudhani alama zote hutoka katika chumba cha mtihani, mwishoni mwa mwaka wa nne. Sivyo. Kwa mwanafunzi wa shule, alama 70 katika kila 100 hutokana na mtihani wa mwisho. Alama 30 huitwa alama endelevu, nazo hukusanywa kutokana na kazi na mitihani aliyoifanya shuleni kabla ya ule wa mwisho.

Rudi kwa yule msichana wa tatu. Tuseme katika zile 70 alipata 29, na katika zile 30 alipata 14. Jumla 43. Kama angepata 16 katika alama endelevu, asingehitaji kuongeza hata alama moja siku ya mtihani. Angefika 45.

Hapa ndipo mzazi anapoingia katika hesabu, ingawa jina lake halimo katika karatasi ya matokeo. Mpunga unapoanza kukomaa, nani anakwenda kuamia ndege? Wakati wa palizi, nani anabaki shambani Jumatatu na Jumanne? Siku mgonjwa anapolala nyumbani, nani anaambiwa asiende shule, kaka au dada? Najua kazi hizo hazina budi kufanywa, na chakula hakishuki kutoka mawinguni. Lakini ujue bei yake. Jaribio la darasani ambalo mtoto hakulifanya ni alama zilizoachwa njiani, na siku ya mwisho hawezi kurudi kuziokota.

Mwenye Divisheni ya Nne afanye nini?

Yule msichana mwenye 26 hakushindwa. Amefaulu masomo sita. Njia zake ziko mbili au tatu, na ni njia za kweli.

Kwanza, vyuo vingi vya ngazi ya cheti hutaka mtu aliyefaulu masomo manne yasiyo ya dini kwa D au zaidi. Vyuo vya afya hutaka hasa masomo ya sayansi yawemo katika hayo manne. Kwa hiyo tazama herufi zake kabla ya kuchagua chuo. Huyu wetu ana Biolojia na Kemia, lakini Fizikia amepata F. Mlango wa chuo cha afya si mwepesi kwake, ila milango mingine iko wazi.

Pili, viko vyuo vya ufundi stadi, ambako kijana hujifunza umeme, ushonaji, uashi, magari na kazi nyingine za mikono.

Tatu, anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini kabla ya kuuza mbuzi au kukodisha shamba ili kupata ada, fanya hesabu. Anahitaji kupandisha masomo mangapi, na kwa gredi ngapi? Aliye na 26 na C tatu anatafuta hatua moja. Aliye na 33 anatafuta hatua nyingi. Fedha ni ile ile, lakini safari si moja.

Wastani, au GPA

Labda umesikia watu wakisema "GPA". Maana yake ni wastani wa pointi. Chukua jumla ya pointi, ugawanye kwa idadi ya masomo. Mwenye 24 kwa masomo saba ana wastani wa 3.43. Mwenye 23 ana 3.29. Baraza hutumia wastani wa namna hii kupima shule na masomo. Tuseme katika shule moja wanafunzi 40 walifanya Kiswahili: A walikuwa 2, B 6, C 16, D 12 na F 4. Pointi zao ni 2, na 12, na 48, na 48, na 20, jumla 130. Gawanya kwa 40, unapata 3.25. Shule yenye 3.25 imeitangulia shule yenye 3.60. Hapa pia kidogo ndicho bora.

Lakini jihadhari. Si kila mahali hesabu huenda hivyo. Kenya, katika mtihani wa mwisho wa sekondari wa KCSE, A ilipewa pointi 12 na E pointi 1, na huko mwenye nyingi ndiye aliyetangulia. Marekani, kwa kawaida A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na F ni 0, na mwenye wastani wa 4 ndiye wa juu. Hata hapa kwetu, matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa GPA ya namna hiyo, A ikiwa na pointi 5, na badala ya divisheni yakawepo majina kama Distinksheni na Meriti. Mwanzoni mwa mwaka 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, aliagiza divisheni zirudishwe, zikarudi. Kwa hiyo ukishika cheti cha mtu, tazama kwanza mwaka na nchi, ndipo useme kama namba kubwa ni sifa au ni hasara.

Na hizo divisheni si jambo jipya. Wazee waliosoma zamani wanakumbuka mtihani wa Cambridge, uliotungwa Uingereza na uliokuwa na mafungu yake. Baadaye yakaja mitihani ya Afrika ya Mashariki, Tanzania ikajitoa humo mwaka 1971, na Baraza letu likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Mipango ya kuhesabu imebadilika, na huenda ikabadilika tena. Ndiyo sababu nimekufundisha namna ya kuhesabu, nisikukaririshe namba tu. Mpango ukibadilika, uliza maswali matatu: herufi moja ni pointi ngapi? Yanahesabiwa masomo mangapi? Kubwa ni bora, au dogo ni bora? Ukijibiwa hayo matatu, utahesabu mwenyewe.

Kazi ya kikundi

Fanyeni pamoja, kisha mtazame majibu.

1. Mwanafunzi amepata B moja, C mbili, D nne na F moja. Ana pointi ngapi, na ni divisheni gani? Je, zile C na B zinatosha kwa Kidato cha Tano?

2. Mwanafunzi amepata D katika masomo saba, na hakuanguka hata moja. Ni divisheni gani?

3. Zungumzeni: katika kijiji chetu, ni kazi zipi za nyumbani na shambani zinazowatoa watoto darasani? Ipi inaweza kufanywa Jumamosi? Ipi inaweza kufanywa na mtu mzima?

Majibu

La kwanza: B ni 2, C mbili ni 6, D nne ni 16. Jumla 24, na F imeachwa. Ni Divisheni ya Tatu. Masomo ya C na kupanda juu ni matatu, yanatosha kama hakuna la dini ndani yake. Sasa tazameni kama hayo matatu yanaunda tahasusi. Jumla yake ni 8, hayakuzidi 10.

La pili: 4 mara 7 ni 28. Ni Divisheni ya Nne. Mtoto huyu amefaulu kila somo lililohesabiwa, na jina lake ni "Nne". Mkumbukeni mtakaposikia jirani akimcheka mtoto wa mwenzake.

La tatu halina jibu karatasini. Jibu lake liko kwenu. Mkilipata, liandikeni, mlipeleke katika mkutano wa wazazi kabla ya msimu wa palizi kuanza.

Kwa leo tumefika mwisho wa somo. Punje zako za mahindi zirudishe ghalani, lakini kwanza mwite kijana wako, mpangie 24 mbele yake, umwulize zimetoka wapi. Akiweza kukueleza, mmejifunza wote wawili. Kwaheri.